Kwa nini trauti wa mtoni unampata, na wa bwawani humpati?

Msomaji mmoja wa Nyeri ameniandikia, nami nafupisha maneno yake: "Mwalimu, shikamoo. Nimevua trauti tangu utotoni katika mito ya Gura na Chania, na ni nadra kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huu nimepewa ruhusa ya kuvua katika bwawa la shamba moja ukingoni mwa msitu wa Aberdare, mwinuko wa mita kama 2,300. Lilipandwa trauti wa upinde wa mvua kutoka kituo cha kuzalisha samaki cha Kiganjo. Najua wamo, maana nikichelewa kuondoka nawaona jioni wakichezacheza juu ya maji. Lakini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa narusha mshipi mbali niwezavyo, kwa nzi wa bandia walewale wanaonipa samaki mtoni, na hakuna hata anayedona. Nakosea wapi? Tena Januari tunapanga kwenda Ziwa Rutundu kule Mlima Kenya. Je, niende na mbinu hizohizo?"

Marahaba, ndugu yangu. Karibu jibu lote limo katika maneno yako mwenyewe: saa nne hadi saa tisa, mbali niwezavyo, nzi walewale, na jioni nawaona. Unajua kurusha, na nzi wako hawana kasoro. Shida ni kwamba unalivua bwawa kana kwamba ni mto. Mtoni trauti hukaa, chakula kikamjia. Bwawani chakula hukaa, trauti akakiendea.

Katika Gura trauti ana makao. Huchagua nyuma ya jiwe, au chini ya ukingo uliochimbwa na maji, mahali ambapo mkondo ni mpole lakini ule wenye nguvu unapita karibu. Huelekeza kichwa upande maji yanakotoka na kungoja. Ukimkosa leo, kesho yupo palepale, na ndiyo sababu wavuvi wa mtoni huyajua mawe yao moja moja. Bwawani hakuna mkondo wa kumletea chochote, kwa hiyo akikaa atalala njaa. Basi huzunguka, mara nyingi wawili watatu pamoja, wakifuata njia wanazozirudia: kandokando ya majani ya majini, juu ya mkondo wa zamani wa kijito kilichozuiwa, na pale ambapo maji ya magotini huanza kushuka kwenda kwenye kina. Kabla ya kufungua mfuko wako bwawani, jiulize njia yao iko wapi kwa saa hii, halafu jiulize iko kina gani. Swali la pili ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni maji yanayoelekea bahari ya Pasifiki, kuanzia magharibi ya Amerika Kaskazini hadi Kamchatka kule Urusi. Kenya aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, miaka 5 baada ya Ewart Grogan kuingiza trauti kahawia wa Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura, huohuo uliokulea wewe. Zaidi ya miaka 100 imepita na mwili wake haujabadilika tabia. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 12 na 16 za Selsiasi. Yakipita 20 hutaabika, na yakikaribia 25 anaweza kufa. Mto unaotoka msituni hubaki baridi siku nzima kwa sababu una kivuli na unakimbia. Bwawa limelala wazi chini ya jua la Ikweta, na jua hilo saa sita mchana linapiga wima.

Hapo ongeza mwinuko, jambo ambalo wavuvi wa nchi za tambarare hawana haja ya kulifikiria. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua mgandamizo, na maji nayo hushika oksijeni kidogo zaidi. Maji ya nyuzi 20 yaliyo usawa wa bahari yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita. Kwenye mita 2,300, maji ya joto hilohilo hushika karibu 7 tu. Trauti hustarehe penye 7 na zaidi, na ikishuka chini ya 5 huanza kuhangaika. Kwa hiyo siku ya jua kali, tabaka la juu la bwawa lako linamweka trauti ukingoni mwa uwezo wake, hata kama wewe unaona maji baridi ukichovya mkono. Ana joto, pumzi haimtoshi, na juu yake mwanga ni mkali kiasi kwamba mnandi anamwona waziwazi. Unadhani atabaki hapo kuangalia nzi wako?

Atashuka. Lakini hawezi kushuka apendavyo. Maji yaliyopashwa na jua ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi na kuyafunika. Katika nchi zenye majira ya baridi na joto, mfuniko huo hudumu kiangazi chote, ukavunjika majira yanapogeuka. Kwetu majira hayageuki kiasi hicho, ila usiku wa milimani ni wa baridi kali. Maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na bwawa la kina cha wastani hujichanganya lenyewe hadi alfajiri. Bwawa lenye kina kirefu huchanganyika sehemu ya juu tu, na sakafu yake hubaki bila hewa. Ukitupa chubwi huko na likarudi na tope jeusi linalonuka mayai viza, fahamu kwamba hapo chini hakuna trauti aliye hai, hata maji yakiwa baridi namna gani. Adhuhuri, basi, samaki wako wamebanwa katikati: juu kuna joto, chini hakuna pumzi. Tabaka wanaloweza kuishi linaweza kuwa mita chache tu, na nzi wako anayepita nusu mita chini ya uso wa maji hawaonani naye kabisa.

Pima, usikisie. Chukua chupa ndogo, ifunge chubwi chini, izibe kwa kizibo chenye kamba ya pili. Itelemshe kwa kamba ya kwanza yenye fundo kila baada ya mita moja, vuta kizibo ikifika unapotaka, ngoja ijae, ipandishe na utie kipimajoto ndani. Ukifanya hivyo ukiwa kwenye gati au mtumbwi wa mwenye shamba, asubuhi mara moja na adhuhuri mara moja, utajifunza bwawa lako kuliko mtu aliyelivua msimu mzima bila kipimo. Tafuta kina ambacho joto linashuka ghafla. Mara nyingi samaki huwa hapo au juu yake kidogo.

Kuhusu saa, nakushauri ubadilishe ratiba moja kwa moja. Uwe umefika kabla hakujapambazuka, uvue hadi saa tatu, upumzike, urudi saa kumi jioni na ukae hadi giza liingie kabisa kama mwenye shamba anaruhusu. Alfajiri ina kasoro moja. Bwawa lililojaa mwani wa kijani hupoteza oksijeni usiku, kwa sababu mimea hiyo hupumua gizani bila kutengeneza hewa mpya, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa jua likiwa karibu kuchomoza. Kwenye bwawa la namna hiyo jioni hushinda alfajiri. Tofauti nyingine ni mwezi wa Julai, Nyeri inapofunikwa na ukungu na manyunyu siku nzima. Siku hizo mchana wote huwa kama jioni, na watu wengi wanaokaa nyumbani wakiota moto wanajinyima uvuvi bora wa mwaka.

Kama huna njia ila mchana wa jua, basi nenda kijito kinapoingia. Maji ya kijito ni baridi kuliko ya bwawa, yana hewa, na yanabeba wadudu wa msituni. Kwa kuwa ni baridi, ni mazito. Hayaelei juu ya bwawa, huzama na kutambaa kufuata mkondo wa zamani. Usirushe mdomoni mwa kijito. Rusha mbele yake, pale rangi ya maji inapogeuka kuwa nzito, na umwache nzi azame. Wewe mtu wa mtoni utapapenda hapo, kwa kuwa ndipo mahali pekee bwawani ambapo trauti huweza kukaa akingoja kama alivyozoea nduguye wa Gura.

Sasa "mbali niwezavyo". Najua raha ya mshipi kunyooka hewani, na sikulaumu. Lakini katikati ya bwawa la mlimani mara nyingi ni jangwa. Mwanga haufiki sakafuni, majani hayaoti, na pasipo majani hakuna konokono, hakuna viluwiluwi, hakuna watoto wa kerengende. Chakula kiko ukingoni, katika ukanda wa maji ambao jua hufika chini. Alfajiri na jioni trauti huja kula humo, wakati mwingine katika maji ya kina cha goti, mita 4 au 5 kutoka kwenye viatu vyako. Mvuvi anayefika kwa kishindo, akasimama ukingoni na kutupa mshipi mita 20, ameshawafukuza samaki aliowajia kabla nzi hajagusa maji.

Trauti huona nje ya maji kupitia duara la mwanga juu ya kichwa chake, na vitu vilivyo chini sana, karibu na uso wa maji, hujikunja na kufifia pembeni mwa duara hilo. Kadiria hivi: kitu kilicho chini ya pembe ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji hakioni vizuri. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama usawa wa maji, mita 10 kutoka kwa samaki, yuko kwenye mpaka huo. Akiwa mita 5, lazima apige magoti. Akisimama juu ya tuta la bwawa, anaonekana kutoka mbali sana. Kwa hiyo vaa nguo za rangi ya majani makavu, kaa nyuma ya maji hatua kadhaa, rusha kwanza karibu na ukingo, kushoto na kulia, halafu ndipo uongeze urefu kidogo kidogo. Na tembea polepole. Udongo wa ukingoni hupeleka mtikisiko majini, na trauti huusikia kwa ubavu wake.

Kuhusu upepo, wageni wengi huukimbia. Upepo husukuma maji ya juu pamoja na wadudu walioanguka na vijidudu vinavyoelea, ukavirundika kwenye ukingo unaoupokea. Viwimbi huvunja mwanga, samaki hujiona salama, na maji yanayopigapiga huongeza hewa. Usisimame upepo ukikupiga usoni, utapigana na mshipi wako bure. Simama kwenye kona, upepo ukupige begani, bega ambalo halirushi, ili ndoana isikupitie shingoni, na uvue sambamba na ukingo ule.

Tukija kwa nzi. Walewale wa mtoni si wabaya, ila lazima ujue bwawani wanaigiza nini. Chakula kikuu cha trauti katika mabwawa mengi duniani ni visubi vya majini, jamaa za wale wanaotanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Hawang'ati mtu. Viluwiluwi wao huishi topeni, vingine vyekundu kabisa kwa sababu damu yao hushika oksijeni kidogo iliyopo. Vikikomaa hujigeuza, huacha tope na kupanda juu polepole mno, vikipumzika njiani, vikafika chini ya uso wa maji na kuning'inia kabla ya kupasua ngozi na kuruka. Kule kuning'inia ndiko karamu ya trauti. Ukiona jioni mgongo unatokea, kisha pezi, kisha ncha ya mkia, bila kichwa na bila kelele, huyo anakula visubi vinavyoning'inia. Anayeruka mzima mzima nje ya maji hukuambia kidogo sana, na usimkimbilie.

Kwa huyo wa mgongo na mkia funga nzi mdogo mweusi mwembamba, ndoana namba 14, bila manyoya mengi. Mrushe mbele ya njia yake, siyo juu ya duara aliloliacha, kwa maana ameshaondoka hapo. Halafu fanya jambo ambalo mkono wa mtoni utalikataa: usivute. Kunja mshipi kwenye kiganja taratibu kiasi tu cha kuunyoosha. Mtoni mkondo ulikufanyia kazi ya kumpa nzi uhai, na ulipovuta ulivuta kwa haraka ili kushinda mkondo. Bwawani kisubi hakikimbii. Kikikimbia, trauti anajua ni uongo.

Mchana, au kabla samaki hawajaanza kula juu, igiza watoto wa kerengende. Hawa ni wanene, wa kahawia na kijani, wanaotambaa kwenye majani ya majini na kujirusha mbele kwa kutema maji nyuma. Nzi aitwaye Kenya Bug, yule mweusi wetu, anafaa sana, na Mrs Simpson ambaye wazee wa Mlima Kenya hawaachi nyumbani. Woolly Bugger wa kijani cha zeituni pia hufanya kazi. Vuta mara mbili tatu fupi, pumzika, vuta tena. Trauti wengi hushika nzi anapoanza kuzama wakati wa mapumziko, kwa hiyo tazama mshipi pale unapoingia majini; ukisogea hata kidogo, inua fimbo. Na baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wakitoka na upepo ukawapeleka bwawani, weka kila kitu kando ufunge chochote cha kahawia kinachoelea. Saa hiyo trauti husahau hofu yake yote. Nasema hili kwa furaha: nzi wa bandia wanaofungwa na mafundi wa Kenya huuzwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo huna sababu ya kuagiza kutoka nje. Tafuta fundi, mweleze mdudu uliyemwona, atakufungia.

Kujua kina ambacho samaki wapo ni kazi ya kuhesabu. Rusha nzi mwenye uzito kidogo, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, uvute. Hakuna? Rusha palepale, hesabu kumi. Halafu kumi na tano. Endelea hadi nzi arudi na majani ya majini au tope, kisha punguza hesabu mbili. Akidona samaki kwenye hesabu ya kumi na mbili, usiibadilishe hadi waache. Wavuvi wengi hubadilisha nzi kumi kwenye kina kimoja kibovu, kumbe wangebadilisha kina wakabaki na nzi mmoja. Kwa kazi hiyo fimbo yako fupi ya vichakani itakuchosha. Tafuta ya futi 9 yenye mshipi namba 6, mmoja unaoelea na mwingine unaozama polepole, na nailoni ya mbele ya mita 4 hivi inayostahimili kilo 2 au zaidi kidogo, kwa maana trauti wa bwawani hukimbia mbali na hakuna jiwe la kumzuia.

Kuna jambo moja ambalo bwawa linalo na ziwa la asili halina: kimo cha maji hubadilika kwa amri ya mtu. Mashine za umwagiliaji zikivuta maji Januari na Februari, ukingo hurudi nyuma, ule ukanda wenye majani na konokono hukauka, na trauti hupoteza meza yake. Wakati huo usivue palipokuwa pazuri Novemba. Fuata mkondo wa zamani na kijito. Lakini kiangazi hichohicho ni zawadi. Maji yakishuka, tembea kwenye sakafu iliyo wazi na simu yako, upige picha visiki, mawe, mifereji, mahali tuta la zamani lilipita. Masika yakijaza bwawa tena utakuwa na ramani ambayo hakuna mwingine anayo. Na maji yanapopanda juu ya majani mabichi ya nchi kavu, minyoo na mende hufukuzwa mashimoni, na trauti huingia kuwafuata hadi kina cha kiganja. Siku hizo vua miguuni pako kwanza. Sehemu moja nakuomba uiache kabisa: mnara wa kutolea maji na mlango wa kupunguzia mafuriko. Maji ya hapo huvuta mtu bila kuonyesha.

Ukimpata wa kwanza, na kama utamla, mpasue tumbo palepale na umimine kilicho ndani katika kisahani cheupe chenye maji. Utaona visubi, konokono, watoto wa kerengende, au vijidudu vidogo kama vumbi ambavyo mchana hushuka kinani na jioni hupanda, na trauti huvifuata juu na chini. Hapo utajua ufunge nini, na kina gani. Tazama pia umbo lake. Kichwa kikubwa na mwili mwembamba maana yake ni kwamba bwawa lina samaki wengi kuliko chakula, na mwenye shamba anahitaji kusikia hivyo kutoka kwako. Trauti hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji yanayokwenda. Kama kijito hakina changarawe, waliomo ni waliopandwa tu na hawataongezeka, kwa hiyo kula wale unaoruhusiwa si kuwamaliza. Maji yakiwa nyuzi 20 na zaidi, usivue kwa nia ya kuwaachia. Samaki aliyepigana katika maji ya joto huondoka akiogelea, kisha hufa kinani usipomwona.

Sasa Rutundu. Jibu fupi ni kwamba mbinu za bwawani zitakufaa kuliko za mtoni, lakini ratiba geuza tena. Ziwa lile liko juu ya mita 3,000, kwenye nyika ya kaskazini-mashariki ya mlima unapopandia upande wa Timau. Ziwa Alice liko juu yake zaidi, na kwenda huko ni kupanda kwa miguu. Huko joto si adui wa trauti. Baridi ndiyo humfanya mzito. Alfajiri yenye sakitu utajitesa bure. Ngoja jua lipashe ukingo wenye kina kifupi, visubi vitoke, na saa nne hadi saa saba, zile saa mbaya za bwawa lako, ndizo mara nyingi huwa bora. Januari asubuhi huwa safi, mawingu hupanda kuanzia mchana, na yakishuka ziwani pamoja na upepo, samaki husogea karibu na ukingo lakini wewe utakuwa unatetemeka. Mto Kazita Munyi uko jirani, na mikono yako ya Gura itajisikia nyumbani pale.

Hesabu ya oksijeni huko pia haiko kama unavyodhani. Maji ya nyuzi 10 kwenye mita 3,000 hushika miligramu kama 8 kwa lita, zaidi ya bwawa lako adhuhuri, kwa sababu ubaridi unafidia sehemu ya kile mwinuko ulichoondoa. Trauti wa huko ana pumzi ya kutosha. Wewe huna. Lala usiku mmoja chini zaidi kabla ya kupanda, kunywa maji mengi, na mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, mshusheni siku hiyohiyo, uvuvi usubiri. Nyati na tembo hutumia njia hizohizo za nyika, basi msitembee bila askari wa wanyamapori au kiongozi anayeijua nchi.

Karatasi zako ziwe tayari kabla: leseni ya kuvua kutoka kwa maafisa wa uvuvi, na kiingilio cha hifadhi kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya. Uliza hapo idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa mwaka huo, na usibebe minyoo wala chambo hai, maji ya trauti ni ya nzi wa bandia. Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Kuna watu hushawishika kubeba trauti wadogo kwenye ndoo kutoka maji haya hadi kidimbwi kingine cha juu kisicho na samaki. Maziwa ya mlima hayakuwa na trauti kabla ya watu kuwapeleka, na vidimbwi vilivyobaki bila yeye vina vyura na wadudu ambao hawajawahi kukutana na mla nyama wa namna hii. Mtu akikuomba umsaidie kubeba ndoo hiyo, kataa, na umweleze sababu.

Wiki hii anza na chupa na kipimajoto bwawani, jioni ya siku yenye jua. Niandikie joto la kila mita na kilichokuwa tumboni mwa samaki wa kwanza, nami nitakuambia ufunge nzi gani.